Ni nani atailipia redio inayomtetea mnyonge?

ALHAMISI ya Februari 19, 2015, maelfu ya wakazi wa Bujumbura waliacha shughuli zao na kumiminika barabarani kumlaki mtu ambaye hakuwa rais, hakuwa askofu wala mchezaji kandanda mashuhuri. Alikuwa mkurugenzi wa redio.

Bob Rugurika wa kituo cha Radio Publique Africaine (RPA) alikuwa ametoka katika gereza la Muramvya, milimani, alikokuwa amezuiliwa kwa takriban mwezi mmoja. Mahakama ilimwachilia kwa dhamana ya faranga milioni 15 za Burundi. Waliomngoja kando ya barabara walikuwa wachuuzi, wanafunzi, waendeshaji pikipiki na akina mama waliobeba watoto mgongoni.

Alikuwa amefanya nini? Mwezi Januari mwaka huo, kituo chake kilitangaza mfululizo wa taarifa kuhusu mauaji ya watawa watatu wazee, raia wa Italia, waliouawa Septemba 2014 katika makao yao mtaani Kamenge, kaskazini mwa jiji. Polisi walikuwa wamemkamata mtu mmoja siku chache baada ya mauaji hayo na kumtaja kuwa ndiye muuaji. RPA ikamleta hewani mtu mwingine, aliyedai kwa kinywa chake kwamba alishiriki katika kitendo hicho na kwamba wakubwa katika idara ya ujasusi walihusika.

Iwapo madai hayo yalikuwa ya kweli au la, ilikuwa kazi ya mahakama kubaini. Badala yake, aliyetiwa mbaroni ni mkurugenzi wa redio. Alishtakiwa kwa kushiriki katika mauaji, kumficha mshukiwa na kukiuka siri ya uchunguzi. Yaani aliyetangaza habari za mauaji aligeuzwa kuwa mmoja wa wauaji.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu ya jambo lililotukia miaka kumi baadaye, mbali kabisa na Burundi. Mnamo Machi 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kupunguza shughuli za shirika linalosimamia Sauti ya Amerika. Siku iliyofuata, wafanyakazi walipewa likizo ya lazima, na matangazo ya Kiswahili, ambayo wazee wetu waliyasikiliza tangu miaka ya sitini, yakanyamaza. Wiki chache kabla ya hapo, Washington ilikuwa imesimamisha misaada yake ya kigeni, ikiwemo ile iliyokuwa ikiwafikia wanahabari huru katika nchi maskini.

Hakuna askari aliyevunja mlango. Hakuna mtambo uliochomwa. Sahihi moja ilitosha.

Sisi wa vyumba vya habari tumezoea kuhesabu maadui wawili wa redio inayotetea haki: bunduki na sheria kandamizi. Yaliyoipata Burundi yaonyesha kwamba yuko wa tatu, ambaye twaona haya kumtaja kwa kuwa mara nyingi ndiye anayetulipa mshahara. Redio iliyosimama juu ya pesa au ardhi ya mwingine husimama kwa muda ule tu ambao huyo mwingine ataridhia.

Ili kuelewa umuhimu wa RPA, yafaa turudi nyuma kidogo hadi nchi jirani. Julai 1993, jijini Kigali, kilizaliwa kituo cha RTLM. Wasikilizaji walichoshwa na redio ya serikali iliyosoma hotuba kwa sauti ya mazishi. RTLM ikawaletea muziki wa Kikongo, mizaha na watangazaji waliozungumza kama watu wa mitaani. Ilipendwa mno. Kuanzia Aprili 1994 kituo hichohicho kilitangaza majina ya watu, magari yao na mahali walipojificha, ili wauaji wawafuate.

Kuna jambo moja kuhusu RTLM ambalo husahaulika. Kituo hicho hakikuwa mali ya serikali. Kilikuwa kampuni ya wanahisa, na mwenyekiti wake alikuwa mfanyabiashara Félicien Kabuga, yule ambaye picha yake ilichapishwa katika magazeti ya Kenya mwaka wa 2002 pamoja na ahadi ya Marekani ya donge nono kwa atakayefichua alikojificha. Alikamatwa karibu na Paris mnamo Mei 2020, na mwaka wa 2023 majaji wa The Hague wakasitisha kesi yake kwa sababu ya afya yake. Waanzilishi wawili wa RTLM, pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura, walipatikana na hatia katika mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka wa 2003.

Nayataja haya mapema kwa sababu wapo wanaoamini kwamba redio ikiwa na wasikilizaji wengi na ikachangiwa na wenyeji, basi lazima itakuwa upande wa haki. RTLM ilikuwa na vyote viwili.

Burundi nayo ilikuwa ikiungua. Mauaji ya Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993 yaliwasha vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo vinakadiriwa kuua watu 300,000. Katika moto huo, mwaka wa 1995, shirika moja la Marekani, Search for Common Ground, lilianzisha Studio Ijambo jijini Bujumbura. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kutekeleza: wanahabari Wahutu na Watutsi walifanya kazi pamoja, wakati ambapo mtaa mmoja ulimwua aliyetoka mtaa wa pili.

Miongoni mwa wanahabari wa studio hiyo alikuwa Alexis Sinduhije. Mwaka wa 2001 alianzisha RPA na kuwaajiri, pamoja na wanahabari wa kawaida, vijana waliowahi kushika silaha katika pande zote mbili za vita. Kituo kilijiita sauti ya wasio na sauti. Wengi hutumia maneno hayo kama pambo. RPA iliyachukulia kama orodha ya kazi. Mama aliyenyang'anywa shamba, familia iliyompoteza kijana wao mikononi mwa polisi, mfungwa aliyesahaulika rumande, wote walijua mlango wa kubisha.

Wakubwa walianza kukereka mapema. Septemba 2003 serikali ilikifunga kituo hicho kwa sababu kilimhoji msemaji wa waasi wa FNL. Redio nyingine za binafsi, zilizokuwa zikishindania wasikilizaji walewale, zikasusia habari za serikali hadi marufuku hiyo ilipoondolewa. Mwaka wa 2005 redio hizo zilifanya jambo ambalo sisi Wakenya, kwa wingi wa vituo vyetu, hatujalimudu ipasavyo: ziliunganisha wanahabari wao ili kufuatilia uchaguzi kwa pamoja na kutangaza taarifa zilezile. Matokeo ya kituo cha kura kilicho mlimani yalisikika nchi nzima kutoka vinywa vingi kwa wakati mmoja. Ukitaka kuyachakachua, ungelazimika kuwanyamazisha wote.

Mwishoni mwa 2006 wanahabari wawili wa RPA na mmoja wa Radio Isanganiro walitupwa gerezani kwa taarifa zao kuhusu njama ya mapinduzi iliyodaiwa na serikali. Januari 2007 mahakama iliwaondolea mashtaka.

Lakini haki yatudai tuseme na lile linaloudhi. Mwishoni mwa 2007 Sinduhije aliacha uanahabari na kujitosa katika siasa, akaunda chama cha MSD. Tangu siku hiyo, kila RPA ilipofichua uovu wa chama tawala, CNDD-FDD, wakubwa walikuwa na jibu tayari: hiyo ni redio ya upinzani. Wanahabari waliobaki walilipa gharama ya uamuzi ambao hawakuufanya wao. Kwa maoni yangu, hilo ndilo pigo kubwa zaidi ambalo kituo hicho kilijipiga chenyewe. Mwanzilishi wa redio ya wanyonge akigombea kura za wanyonge haohao, ni vigumu msikilizaji kujua lini anahabarishwa na lini anaombwa kura.

Hata hivyo, kazi yenyewe ilizidi kusimama. Mei 2014, Pierre Claver Mbonimpa, mtetezi mkongwe wa haki za wafungwa ambaye naye aliwahi kufungwa, alisema kupitia RPA kwamba vijana walikuwa wakipewa silaha na kufunzwa kijeshi ng'ambo ya mpaka, Kiliba Ondes nchini Congo. Alikamatwa siku chache baadaye na kukaa ndani hadi mwisho wa Septemba. Wananchi walivaa kijani siku za Ijumaa, rangi ya sare ya wafungwa, kudai aachiliwe. Agosti 2015 alipigwa risasi akiwa garini, akanusurika. Kabla ya mwaka kuisha, mkwewe na mwanawe walikuwa wameuawa.

Kisha yakaja yale ya 2015. Aprili 25, chama tawala kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Maandamano yalianza siku iliyofuata, na serikali ikakata matangazo ya redio tatu huru nje ya jiji kuu, kisha ikaifunga RPA kabisa. Mei 13, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam katika mkutano wa marais wa Afrika Mashariki, Meja Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kuwa amempindua. Tangazo hilo lilisikika kupitia redio za binafsi.

Kati ya usiku huo na mchana wa siku ya pili, vituo vitano vilishambuliwa: RPA, Bonesha FM, Radio Isanganiro, Renaissance, na pia Rema FM iliyokuwa ikiiunga mkono serikali. Mitambo iliteketezwa. Mapinduzi yalipogonga mwamba, nchi ambayo ilikuwa na mojawapo ya sauti huru zaidi katika ukanda huu ikabaki na redio ya taifa. Wanahabari kwa makumi walivuka mpaka, wengi wao wakielekea Kigali.

Je, redio zilikosea kumpa Niyombare nafasi ya kuzungumza? Nimelijadili swali hili na wenzangu mara nyingi na hatujawahi kukubaliana. Jenerali anayetangaza mapinduzi ni habari, na hakuna mhariri ambaye angeitupa kapuni. Lakini kuna tofauti kati ya kueleza kwamba jenerali amesema hivi na kumkabidhi kipaza sauti. Serikali haikujali tofauti hiyo. Ilitoa hati za kukamata watu, na Februari 2021 ikajulikana kwamba Mahakama ya Juu ya Burundi ilikuwa imewahukumu watu 34 kifungo cha maisha wakiwa hawapo mahakamani. Miongoni mwao walikuwemo watetezi wa haki na wanahabari, Rugurika akiwa mmoja wao.

Hapa ndipo pale pa kutazamwa kwa makini, kwa sababu moto haukuziua redio hizo. Wakiwa uhamishoni, wanahabari wa RPA walianzisha matangazo waliyoyaita Humura, na wenzao wakaanzisha Inzamba. Hawakuwa na masafa. Walirekodi taarifa, wakazituma kwa intaneti, na wasikilizaji wakazisambaza kwa WhatsApp, kutoka simu hadi simu, hadi vijijini. Kwa karibu miaka sita serikali ya Gitega haikupata namna ya kuwanyamazisha.

Nkurunziza aliaga dunia Juni 2020. Mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, akaanza kuzungumza na Kigali kuhusu kurekebisha uhusiano wa nchi hizo mbili. Nyumbani, Bonesha FM iliruhusiwa kurejea hewani Februari 2021. Mwezi uliofuata, Rwanda iliziagiza RPA, Renaissance na Inzamba zikome kutangaza kutoka katika ardhi yake. Kilichoshindikana kwa roketi kilifanyika kwa mazungumzo ya kidiplomasia, na mwenyeji aliyewapa hifadhi wakati walipomfaa ndiye aliyewazimia kipaza sauti walipoanza kumgharimu.

Waliobaki wakitangaza hawakuwa salama pia. Floriane Irangabiye, aliyekuwa na redio ya mtandaoni aliyoiendesha akiwa Rwanda, alikamatwa Agosti 2022 alipozuru Burundi kuona jamaa zake. Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi. Alipata msamaha wa rais Agosti 2024.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba dawa ni kuwa na mfadhili mkubwa asiyetishika. Radio Okapi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilizinduliwa Februari 2002 na kikosi cha Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle. Ilitangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Kitshiluba, na mtu wa Bukavu na mtu wa Kinshasa wakasikia habari zilezile saa ileile. Bendera ya samawati haikuwa ngao ya kutosha. Serge Maheshe alipigwa risasi Bukavu Juni 2007, na Didace Namujimbo akauawa katika mji huohuo Novemba 2008. Isitoshe, kikosi cha kulinda amani huja kwa azimio la Baraza la Usalama na huondoka kwa azimio lingine. Kivu ya Kusini kiliondoka mwaka wa 2024, na Februari 2025 Bukavu ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23.

Wapo pia watakaosema tuwaige Wamarekani wenyewe, maana huko uko mfano wa kale. Mwaka wa 1949, katika mji wa Berkeley, California, Lewis Hill, mpinga vita aliyekataa kubeba silaha katika Vita vya Pili vya Dunia, alianzisha kituo cha KPFA kisichotangaza biashara wala kupokea amri ya serikali. Kililipiwa na wasikilizaji kwa ada ya mwaka. Kutoka humo ukakua mtandao wa Pacifica, na mwaka wa 1996 ukaanzisha kipindi cha Democracy Now!, ambacho mtangazaji wake, Amy Goodman, alikuwa amenusurika kipigo cha wanajeshi wa Indonesia katika mauaji ya Dili, Timor Mashariki, Novemba 1991.

Kituo cha Pacifica mjini Houston, KPFT, kililipuliwa kwa baruti mara mbili katika mwaka wa 1970. Mara zote mbili kilirejea hewani, na mtu wa kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan akafungwa kwa kosa hilo. Linganisha na Bujumbura. Wasikilizaji wa Houston hawakumpenda mtangazaji wao kuliko wale waliojipanga barabarani kumsubiri Rugurika. Walichokuwa nacho ni pesa kidogo za ziada mfukoni na mahakama iliyokubali kumwita mlipuaji mlipuaji.

Hata hivyo, tusiupake mfano huo marashi kupita kiasi. Pacifica imezongwa na madeni na ugomvi wa ndani kwa miaka mingi. Oktoba 2019 viongozi wake wa kitaifa waliingia katika kituo chao wenyewe cha New York, WBAI, wakawafuta wafanyakazi na kukata vipindi vya hapo, hadi kesi mahakamani ikawarudisha mwezi uliofuata. Mchango wa msikilizaji humkomboa mwanahabari kutoka kwa waziri na mfadhili, kisha humkabidhi kwa kamati.

Nasi Kenya je? Redio zetu za lugha za kienyeji zilinyoshewa kidole na Tume ya Waki kwa uchochezi wa 2007 na 2008, na mtangazaji mmoja, Joshua arap Sang, alifikishwa The Hague kabla ya majaji kusitisha kesi yake Aprili 2016. Wakati huohuo, Pamoja FM ya Kibera ilikuwa ikiwasihi vijana washushe mapanga, katika mtaa uliokuwa ukiwaka. Koch FM ya Korogocho, iliyoanzia ndani ya kontena, imezungumzia ubakaji, mauaji ya polisi na ubomoaji wa vibanda kwa miaka mingi, na wanaozungumza ni wakazi wa mtaa huohuo.

Vituo vya aina hiyo havina matangazo ya kampuni za simu wala za bia. Serikali nayo ni mteja mkubwa wa matangazo, na mteja hujua kununa. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza vituo vikome kuonyesha maandamano moja kwa moja na mawimbi ya baadhi yavyo yakakatwa, vikubwa vilikuwa na uwezo wa kulipa mawakili. Sijui mtangazaji wa kujitolea wa Korogocho angemlipa wakili kwa nini.

Kijana mmoja katika chumba chetu cha habari aliniambia kwamba jambo hili limekwisha kutatuliwa na simu ya mkononi. Mwaka wa 1949, alisema, ilibidi hundi itumwe kwa posta. Leo wasikilizaji elfu kumi wakituma shilingi ishirini kila mmoja kwa mwezi, redio ya mtaa imelipa umeme, kodi na watangazaji wake. Hesabu yake ni sahihi. Kwa Nairobi yaweza kufaulu, na ningependa kuona kituo kimoja kikijaribu.

Nilimwomba afanye hesabu hiyohiyo kwa Muramvya. Mkulima anayetuma faranga mia tano kwa redio iliyopigwa marufuku ameacha jina lake, nambari yake ya simu na saa aliyotuma katika rekodi za kampuni ambayo haiwezi kumkatalia afisa wa ujasusi. Zamani, akisikia nyayo mlangoni, alihitaji tu kuizima redio.